Usingizi wa Bi Mkunjo

Aliyegundua kwamba mkono unaungua hakuwa mwenye mkono. Alikuwa Mama Pacha, mwenzake wa upande wa pili wa mashine ya pasi. Pua yake ilinasa harufu, akadhani ni shuka limekwama, akainama kuchungulia. Ndipo alipoona vidole vya Bi Mkunjo vimelala juu ya bamba la moto, vimetulia kama vimewekwa hapo vipumzike. Akabonyeza kitufe chekundu cha kuzimia mashine. Bi Mkunjo akautoa mkono taratibu, akautazama kiganjani na mgongoni, akasema, "Kumbe." Kisha akaunyoosha tena kushika pembe ya shuka lililofuata.

Mama Pacha alilisimulia jambo hilo wiki nzima, na kila aliposimulia hakuweza kulivuka lile neno. Mtu ngozi inamtoka, anasema kumbe.

Walikuwa wafuaji wa hospitali kubwa, ghorofa ya chini kabisa, mlango wa pili baada ya boila. Mashuka yalishuka kutoka wodini ndani ya mifuko ya turubai, yakafuliwa, yakakaushwa, yakapita kwenye roli la pasi huku wanawake wawili wameshika pembe, kisha yakafika mezani kukunjwa. Meza hiyo ndiyo iliyompa Bi Mkunjo jina lake. Shuka alilolikunja yeye lilikuwa pembe kwa pembe, ukingo kwa ukingo, hata wauguzi wa juu walilitambua bila kuambiwa. Mzee wa boila alizoea kusema kwamba shuka la Bi Mkunjo ukilisimamisha linakupigia saluti.

Tabibu aliyemfunga kidonda alikuwa mpole, mdogo kwake kwa miaka mingi. Alimuuliza ilikuwaje asiutoe mkono. Bi Mkunjo akajibu kwamba mawazo yalikuwa mbali. Akaulizwa anatumia dawa gani, akasema hatumii dawa.

"Hata za kulalia?"

"Ah, hizo. Hizo ni za kulalia tu."

Tabibu akauliza tangu lini. Tangu msiba wa mume wangu, alisema. Na msiba ulikuwa lini? Hapo ilimbidi ahesabu kwa madarasa ya mwanawe: siku zile binti alikuwa darasa la tano, sasa amemaliza shule na anajifunza kazi kwenye duka la miwani. Miaka saba. Tabibu akaiweka bandeji chini. Akamweleza kwamba vidonge vile mtu hupewa vya siku chache, vikizidi sana wiki mbili tatu, kwa sababu mwili huvizoea upesi na kudai vingi zaidi ili kufanya kazi ileile. Alisema vinafifisha kumbukumbu, vinalegeza viungo, vinawaangusha watu bafuni, na vikichanganywa na pombe au dawa kali za maumivu vinaweza kumsahaulisha mtu hata kupumua.

"Mama, huu ni uraibu," alisema. "Sikutukani. Ni jina la ugonjwa."

"Mateja ni wale wanaolala kule nje ukutani," Bi Mkunjo alimjibu bila hasira. "Mimi naamka saa kumi na moja nakuja kazini."

Tabibu akaandika karatasi ya kliniki ya Jumanne, chumba cha mwisho wa korido, akamwonya kwamba kitu kimoja asichopaswa kufanya ni kuviacha ghafla. Lakini wakati huo Bi Mkunjo alikuwa ameshaikunja ile karatasi mara nne, pembe kwa pembe, na masikio yake yalikuwa yameshatoka chumbani. Neno alilobaki nalo lilikuwa lile moja, uraibu, na alilibeba hadi nyumbani kama mtu aliyebandikwa kitu mgongoni.

Mumewe alikuwa dereva wa basi la shule. Siku moja ya katikati ya wiki aliegesha basi vizuri, akazima injini, akafunga breki ya mkono, halafu akalaza kichwa juu ya usukani na hakukiinua tena. Moyo, walisema madaktari. Habari zilipofika nyumbani Bi Mkunjo alipiga yowe ambalo majirani hawakulisahau, akajitupa chini, akapigapiga sakafu kwa viganja. Dada yake mkubwa ndiye aliyemwinua. Alimkalisha kitandani, akatoa kidonge cha buluu kwenye pochi yake, akampa na maji. "Meza, mdogo wangu, upumzike kidogo."

Akapumzika. Alipoamka yowe halikuwepo. Lilikuwa kama redio ya jirani aliyehama. Watu walimsifu sana siku zile. Walisema mjane yule ana moyo wa chuma, amejikaza kisabuni. Naye akaona si vibaya kusifiwa. Dada alimwachia vidonge kumi. Vilipokwisha alikwenda duka la dawa la mtaani kwao, na binti wa dukani, aliyemhurumia, hakumdai karatasi ya daktari. Mwanzo kilikuwa kimoja kila jioni. Baada ya mwaka kimoja kikawa hakileti kitu, vikawa viwili. Mwaka wa nne akaongeza kingine cha mchana, pamoja na chai ya kazini, kwa sababu mikono ilikuwa ikianza kutetemeka ifikapo saa sita na alidhani ni uzee.

Hakuna lililomuuma miaka hiyo. Aliunguza sufuria, akanunua nyingine. Alianguka bafuni, jino likavunjika, akajifunza kutafuna upande mmoja. Mwanawe alimweleza jambo leo, kesho akamuuliza jambo lilelile, hadi binti akazoea kutosema. Hata hilo Bi Mkunjo hakuligundua. Aliona tu kwamba ana mtoto mtulivu.

Sasa lile neno la tabibu lilimkera, na kero kwake lilikuwa jambo geni. Akakata kauli. Jioni ileile alivimwaga vidonge vyote chooni, akavuta maji, akasimama kuhakikisha vimekwenda. Atawaonyesha kwamba yeye si teja.

Siku mbili za kwanza hakuona kitu ila kukosa usingizi. Ya tatu, mngurumo wa mashine za kukaushia, ambao alikuwa ameusikia kila siku bila kuusikia, ulianza kumchoma masikioni. Akaweka pamba. Ya nne alilowa jasho akiwa amekaa, ngozi ikawasha kana kwamba siafu wamehamia chini yake, na moyo ukamwenda mbio bila kukimbizwa na yeyote. Mama Pacha alimwambia aende nyumbani. Akasema atakwenda baada ya mashuka ya wodi ya wazazi. Ya tano alisema vivyo hivyo. Siku ya sita, kiasi cha saa nne asubuhi, akiwa mezani na shuka nusu limekunjwa, alisimama ghafla kama aliyeitwa, macho yakageuka, akaanguka juu ya rundo la mashuka safi akijinyonganyonga, povu mdomoni.

Chumbani palizuka maneno. Mmoja alisema kifafa, mwingine akasema ana kitu kichwani, kimempanda. Mzee wa boila aliwafukuza wote, akamlaza kwa ubavu, akaweka shuka lililokunjwa chini ya kichwa chake, akakaa naye mpaka machela ilipofika. Alikuwa ameona mtu akifanya hivyo zamani, alisema, wala hakufafanua.

Bi Mkunjo alipopata fahamu alikuwa wodini, na binti yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akiwa bado amevaa sare ya duka la miwani. Mkononi alikuwa na karatasi tupu za vidonge, zile za kubinyia, nyingi, zimefungwa kwa mpira. Alikuwa amezikusanya kwenye pipa la taka, muda mrefu. Alikuwa ameshamwonyesha daktari.

"Ulijua?" Bi Mkunjo aliuliza.

"Tangu nina miaka kumi na tatu, Mama."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mara mbili. Ya kwanza uliniambia ni vitamini. Ya pili ulinisikiliza vizuri sana, ukalia kidogo, ukaniahidi. Kesho yake hukukumbuka."

Bi Mkunjo aliutazama mguu wa kitanda. Alitafuta ndani yake mahali ambapo maneno hayo yangepaswa kupiga, hakupapata. Akasema ana kiu, akapewa maji.

Kilichofuata kilimchanganya: daktari alimrudishia vidonge vilevile. Alidhani ni kejeli. Daktari akamweleza kwamba ubongo wake ulikuwa umeegemea dawa hizo kwa miaka saba kama mtu anavyoegemea ukuta, na ukuta ukiuvunja kwa siku moja, mtu anaanguka nao. Ndiyo maana mwili ulichachamaa hivyo, na watu wengine hufa. Itabidi waubomoe ukuta tofali moja moja. Kiasi kidogo kitapunguzwa, wiki mbili au tatu zitapita mwili uzoee, kisha kidogo tena. Mwaka, pengine zaidi. Bi Mkunjo akauliza kama hakuna njia fupi. Hakukuwepo.

Ndivyo alivyoingia chumba cha mwisho wa korido. Jumanne ya kwanza alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, ili anayepita adhani amekuja kuuliza kitu. Walikuwa watu tisa. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu ambaye pombe ilikuwa imemla ini, macho yake ya manjano kama karatasi ya zamani. Kulikuwa na dada mmoja msusi aliyekuwa akijidunga heroini, ambaye sasa alikunywa dawa yake ya maji kila asubuhi mbele ya muuguzi, akafungua kinywa kuonyesha ameimeza, kisha akaenda zake saluni. Na kulikuwa na mpakia mizigo wa ghala, mtu wa miraba minne, aliyeanza na dawa za maumivu ya mgongo zilizotolewa na daktari halali, kwa karatasi halali. Yeye ndiye aliyemsogezea kiti.

Bi Mkunjo alimwambia muuguzi wa kliniki, kwa sauti ya chini, kwamba yeye si kama hawa, yeye alipewa na dada yake msibani. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, asiye na haraka.

"Ubongo hausomi nani amekupa," alisema. "Unahesabu siku tu."

Alipewa kifaa kidogo cha kukatia vidonge, chenye wembe ndani ya kifuniko. Hapo walau fani yake ilimfaa. Wengine walilalamika kwamba vidonge vinavunjika makombo. Vya kwake vilitoka nusu kwa nusu, robo kwa robo, ungedhani vimetoka kiwandani hivyo. Mpakia mizigo akawa anampelekea vyake na kumwomba amkatie, akimwita fundi.

Miezi ya mwanzo haikuwa na la kusimulia. Alipunguza, akateseka siku kadhaa, akatulia, akapunguza tena. Usingizi ulimjia kwa vipande. Kazini walimtoa kwenye roli wakamweka mezani moja kwa moja, na Mama Pacha, aliyeanza kwa kumwogopa, aliishia kumletea uji. Mwezi wa tano harufu ilirudi. Alikuwa amesimama mezani akasikia harufu ya sabuni na ya kitambaa cha moto, akamuuliza Mama Pacha kama sabuni imebadilishwa. Mama Pacha akasema sabuni ni ileile tangu aajiriwe.

Jumapili moja, akiwa amefikia kidonge kimoja na nusu, alikuwa akichambua mboga na binti yake jikoni. Aliuliza jambo ambalo lilikuwa likimzunguka kichwani wiki nzima.

"Baba yako tulimzika na shati gani?"

Kisu cha binti kikasimama. "Mama, ulikuwepo."

"Najua nilikuwepo. Sikumbuki."

Basi binti akamsimulia mazishi ya mumewe. Alisema hakuzikwa na shati, alivishwa sanda kama wengine, ila shati la kazi la buluu lililetwa na wenzake wa basi likiwa limefuliwa, na mama akalipokea kwa mikono miwili akashukuru. Alisema mvua ilinyesha kidogo, si sana. Wanafunzi wa lile basi walikuja wakapanga mstari, na mama akawashika mkono mmoja mmoja, wote thelathini na kitu. Alimtuma binti akahakikishe viti vya kukodi vimerudi vyote.

"Mimi nilikuwa nalia," alisema. "Nilikuja nikakushika nguo. Ukanitazama kama mtoto wa watu. Ukaniuliza, 'Mama yako yuko wapi?'"

Maji ya bomba yalikuwa yakichuruzika. Bi Mkunjo akayafunga. Alitaka kusema kitu kikubwa, kinachotosha, lakini kifua kilikuwa kimejaa kitu kisicho na sura, si uchungu bado, ila kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka.

"Viti vilirudi vyote?" aliuliza.

"Vyote," binti akajibu. Wakaendelea na mboga.

Mwezi uliofuata mpakia mizigo hakuonekana kliniki, wala Jumanne iliyofuata. Muuguzi aliwakusanya akawaambia bila kuzungusha. Alikuwa amekaa miezi miwili bila kugusa dawa zake za maumivu; mgongo ukamshika, akameza kiasi alichokuwa akimeza zamani, akashushia na pombe, akalala, hakuamka. Mwili ulikuwa umesahau kile kiasi, alisema muuguzi, ingawa yeye hakuwa amekisahau. Akawaomba, yeyote atakayeteleza asione haya kuja kusema, na asirudie kiasi cha zamani kamwe. Msusi alilia kwa sauti. Bi Mkunjo alikumbuka kwamba hakuwahi kumuuliza yule bwana jina. Alirudi kazini akakunja mashuka mia moja na arobaini.

Siku ya tatu yake, dada yake mkubwa alikuja kumtembelea. Dada alikuwa mwanamke wa heshima zake, mtunza maktaba mstaafu, mtu wa kukaa wima. Alikuwa amesikia maneno ya ukoo na yalikuwa yamemchoma. Alikunywa chai yake nusu, akasema watu wanaeneza kwamba yeye ndiye aliyemlevya mdogo wake, wakati alichofanya ni huruma. Bi Mkunjo akasema hakuna aliyesema hivyo. Dada akaweka kikombe mezani. Akakitazama kile kifaa cha kukatia kilichokuwa juu ya kabati la vyombo, akakichukua, akakifungua na kukifunga.

"Ukishakata," aliuliza, "ule unga unaobaki unaufanyaje?"

Mtu asiyetumia haulizi habari za unga. Bi Mkunjo alikaa akamtazama dada yake, yale mabega yaliyonyooka, mikono iliyokuwa ikitetemeka kidogo sana, saa sita ya mchana.

"Vingapi, Dada?"

"Viwili. Siku nyingine vitatu."

"Tangu lini?"

"Tangu yule mtoto wangu wa mwisho. Yule ambaye hakulia."

Hiyo ilikuwa miaka ishirini na mitatu. Vidonge vya msibani havikuwa vimenunuliwa kwa ajili ya msiba. Vilitoka kwenye pochi yake mwenyewe, fungu lake la siku kumi, enzi hizo akimeza kimoja kwa siku, na siku hizo kumi alikuwa ameteseka kimya jikoni akipikia wafiwa. Bi Mkunjo akahisi hasira. Ilipanda kutoka tumboni, ya moto, ndogo, kamili, hasira ya kwanza ya miaka mingi, na jambo la ajabu ni kwamba hakujua aielekeze wapi. Aliinuka akaosha vikombe ambavyo vilikuwa bado na chai.

"Usiache ghafla," alisema akiwa amempa mgongo. "Chochote utakachofanya, Dada, usiache ghafla. Jumanne twende."

Dada alikubali, kisha Jumanne ikafika akawa na mafua. Iliyofuata akawa na mgeni.

Mambo ya nyumbani nayo hayakuwa shwari. Binti, aliyekuwa mtulivu miaka yote, alianza kujibu. Jioni moja walitupiana maneno kwa sababu ya taulo bichi lililoachwa kitandani, wakatoka kwenye taulo wakafika mbali sana, binti akisema alijilea mwenyewe, akisema alijifunga nywele mwenyewe siku ya picha ya shule, akisema ilimlazimu kuwa mtu mzima ndani ya nyumba yenye mtu mzima. Bi Mkunjo naye akapandisha sauti. Jirani akachungulia dirishani. Mwishowe Bi Mkunjo akaketi juu ya lile taulo bichi na kulia, kwa kelele mbaya, kamasi zikimtoka, kwa ajili ya mumewe na breki yake ya mkono aliyokumbuka kuifunga. Binti alisimama mlangoni. Hakuja kumkumbatia. Alileta kitambaa, akakiweka karibu, akaenda kupika.

Robo ya mwisho aliimeza baada ya mwaka mmoja na miezi saba. Hakuna aliyepiga makofi. Muuguzi aliandika kwenye faili, akamwambia aendelee kuja. Sasa analala kwa muda wa saa nne au tano tu, anaamka kabla ya alfajiri na kulala macho wazi. Vidole viwili vya mkono ulioungua havikunjiki sawasawa. Yako mambo ya miaka saba ambayo hayatarudi, na daktari hakumficha. Kilichoandikwa kwa mkono uliolala hakisomeki. Machozi humjia pasipo mpango, mara nyingi kazini, na Mama Pacha amezoea kushika pembe zote mbili mpaka yapite.

Jumanne moja aliomba ruhusa kazini, akaenda hadi kwa dada yake bila kupiga simu. Alimkuta kitandani saa tatu asubuhi, pazia limefungwa. Hakumhubiria. Alifungua pazia, akamtolea gauni kabatini, akakaa ukingoni mwa kitanda na kungoja. Dada alivaa kifungo kimoja kimoja, akavikosea, akaanza upya. Ilichukua karibu saa nzima.

Njiani walitembea pole pole, dada amemshika mkono mbovu bila kujua ni mbovu.

"Nikipunguza," dada aliuliza, "nitalia?"

"Utalia."

"Kwa muda gani?"

"Sijui," alisema Bi Mkunjo. "Mimi bado sijamaliza."